Vumbi linavyofichua nyota changa katikati ya makundi ya galaksi

Galaksi nyingi huishi kwa makundi, mamia hata maelfu pamoja, na katikati ya kundi mara nyingi kuna moja kubwa kuliko zote. Kwa muda mrefu galaksi hiyo ilichukuliwa kuwa kikongwe: nyota zake ni za zamani na haizai tena.

Lakini hesabu ilikuwa inagoma. Kundi zima limejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, inayoonekana kwa darubini za eksirei. Katika baadhi ya makundi, gesi ya katikati hupoteza joto haraka, na ikipoa inatakiwa ishuke na kuzaa nyota zenye uzito wa mamia ya majua kila mwaka. Sasa ziko wapi?

Nyingine zimejificha kwenye vumbi. Jiko la mkaa lililofunikwa na jivu halionyeshi mwanga, ila pitisha kiganja juu yake utasikia joto. Vumbi la angani hufanya hivyo hivyo: linameza mwanga wa nyota changa, linapata joto, kisha linalitoa kama miale ya infraredi. Kadiri miale inavyokuwa mikali, ndivyo nyota zinazozaliwa zinavyokuwa nyingi.

Darubini ya Spitzer, iliyorushwa na Marekani mwaka 2003, ilichunguza galaksi 62 za aina hiyo na kukuta baadhi yake bado zinazaa. Herschel ya Ulaya, iliyorushwa 2009, ikaweza kuona hata vumbi la baridi zaidi. Kumbe kuwepo kwa vumbi nako ni ushahidi, maana ndani ya gesi ya moto chembe zake husagika. Likionekana, ujue kuna gesi baridi inayolikinga.

Kuna mtego, lakini. Shimo jeusi lililo katikati ya galaksi nalo hupasha vumbi joto, na usipolitoa kwenye hesabu utahesabu nyota zisizokuwepo. Mfano ni kundi la Phoenix, lililo umbali wa miaka ya nuru bilioni 5.7. Mwaka 2012 ilikadiriwa kwamba galaksi yake kuu inazaa nyota zenye uzito wa majua 740 kwa mwaka. Makadirio ya baadaye yaliyotumia infraredi yalishuka, ingawa bado ni zaidi ya 500. Galaksi yetu huzaa za jua moja au mawili tu.

Kwa nini makundi mengine hayafanani na Phoenix? Mashimo meusi yao hurusha mikondo ya nguvu inayoipasha gesi moto upya, isipoe.

Hata Phoenix ilikuwa na kipande kilichokosekana: gesi ya moto ilionekana, ya baridi pia, ila ile iliyo njiani kupoa haikuonekana vizuri. Februari 2025 watafiti walitangaza kuwa darubini ya James Webb imeinasa kwa infraredi, kupitia mng'ao wa neoni, ikiwa na joto la nyuzi kama 300,000.