Kutoka Porini Hadi Kwenye Sare: Wapiganaji wa Zamani Fizi na Baraka

Katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo (DRC), watu waliowahi kushika bunduki dhidi ya serikali wameingizwa mara nyingi katika jeshi na polisi ya serikali hiyohiyo. Maelezo ya kawaida ya matokeo yake ni mepesi: mwasi habadiliki, na ukimvika sare umempa kibali cha kupora kwa jina la sheria. Maelezo hayo hayaendani na kesi iliyosikilizwa katika mji wa Baraka mwaka 2011.

Mfano wa zamani zaidi hutajwa kwa shida. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967 katika milima ya Fizi, baada ya maasi ya Simba kuzimwa. Mwaka 1975 watu wake walivuka Ziwa Tanganyika, wakateka watafiti vijana wanne huko Gombe, Tanzania, na kudai fidia. Mei 1997 Kabila huyo alikuwa rais mjini Kinshasa, na jeshi na polisi vikawa chini yake. Wanaoshikilia kwamba mwasi asikabidhiwe ulinzi wa sheria hupita hapo haraka.

Mkataba wa amani wa Pretoria wa Desemba 2002 ulileta utaratibu mpya, brasaji. Wapiganaji walitolewa kwao, wakachanganywa na wa makundi mengine kambini, kisha wakapangwa katika brigedi na kupelekwa mbali na mahali walikotoka. Kambi zilikuwa duni na mishahara ilichelewa, lakini wazo lilikuwa sahihi: mtu alipokewa, mtandao wake ukavunjwa. Wazo hilo ndilo lililomtisha William Amuri Yakutumba, kamanda wa wanamgambo wa Mai-Mai wa Baraka. Mwaka 2007 alikataa kuondoka Fizi na watu wake, akidai kwamba FRF, kundi la Wanyamulenge wa milima ya juu, litangulie. Hofu ya Wabembe, jamii yake, kubaki bila walinzi haikuwa ya bure, na wanaomwita jambazi tu hawaielezi. Hata hivyo kukataa huko kulimwachia pia udhibiti wa pwani ya ziwa.

Mambo yaliharibika mwaka 2009. Makubaliano ya Goma ya 23 Machi yaliruhusu askari wa kundi la waasi la CNDP kuingia jeshi la taifa, FARDC, na polisi wake kuingia polisi ya taifa. Kazi ilifanywa kwa haraka mno. Vyeo vilitambuliwa, makamanda wakabaki na watu wao, na rekodi ya mtu binafsi haikuchunguzwa. Sheria ya msamaha ya Mei mwaka huo iliacha nje uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, lakini kuuacha nje kwenye karatasi bila mtu wa kuchunguza kulikuwa sawa na kuusamehe.

Luteni Kanali Kibibi Mutware alitoka CNDP kwa njia hiyo. Usiku wa 1 Januari 2011, baada ya ugomvi kati ya askari na raia mjini Fizi ulioishia kwa kifo cha askari, kikosi chake kiliwavamia wakazi, wakapora na kubaka. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, karibu na walioumizwa. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari Kibibi na maofisa watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 20 kila mmoja kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kutumia Mkataba wa Roma. Wengine watano walipewa vifungo vifupi zaidi, mmoja akaachiwa, na mtoto mmoja akapelekwa mahakama nyingine. Serikali nayo iliamriwa kushiriki kulipa fidia. Kilichoonekana kizimbani ni amri ya mkubwa iliyotiiwa na kikosi kizima, na kikosi hicho kilikuwa kimebaki chini ya mkubwa huyohuyo kwa ridhaa ya dola.

Miezi minne baadaye Kanali Kifaru, aliyetoka kundi jingine la wapiganaji, PARECO, aliondoka kambi ya Kananda na askari wapatao 150, akiogopa kupoteza cheo jeshi lilipokuwa linapangwa upya kwa rejimenti. Watu wake walituhumiwa kubaka kijijini Nyakiele. Hapo pia, aliyeweza kuondoka na askari wote hao ni yule aliyeachwa nao.

FRF waliingia jeshini mwaka huohuo wa 2011, kwa masharti mazuri zaidi. Hata hivyo, mwaka 2020 mmoja wa viongozi wao, Michel Rukunda, aliyejulikana kama Makanika, alirudi porini.

Mpango wa P-DDRCS wa kuwapokonya wapiganaji silaha, ulioanzishwa Julai 2021, ulikataa kuingiza makundi kwa jumla: anayetaka jeshi au polisi aombe kama raia mwingine. Mwaka 2023, vita vya waasi wa M23 vilipozidi, sheria ya jeshi la akiba ilifungua mlango mwingine, na makundi yanayoitwa Wazalendo yakawa washirika wa FARDC. Yakutumba alikuwa miongoni mwao, na watu wake walikuwa bado chini yake.