Nani Mwenye Ruhusa ya Kuitoboa Pasipoti?

Februari 2018, Idara ya Uhamiaji ya Kenya iliamriwa kuiwasilisha mahakamani jijini Nairobi pasipoti ya wakili Miguna Miguna. Amri ilitaka pasipoti, na pasipoti ikaja. Tatizo ni kwamba ilikuja imetobolewa matundu.

Kwa anayezijua hati hizi, matundu hayo si uchakavu. Mtu anapokwenda kuchukua pasipoti mpya, ile ya zamani hurudishwa imekatwa pembe au imepigwa matundu, ili afisa yeyote wa mpakani akiifungua ajue kuwa imekwisha kazi. Matundu ya pasipoti ya Miguna yalikuwa na maana hiyo hiyo: serikali ilikuwa imemwondoa kwenye orodha ya Wakenya.

Januari 30 mwaka huo, Miguna alikuwa amesimama jukwaani Uhuru Park wakati Raila Odinga alipojiapisha kuwa rais wa wananchi. Siku chache baadaye alikamatwa, kisha akapandishwa ndege usiku kwenda Kanada, ambako alikuwa na uraia wa pili. Serikali ilidai kwamba uraia wake wa Kenya aliupoteza zamani, siku alipochukua ule wa Kanada.

Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inahesabu kuwa ni kosa la jinai mtu kuiharibu pasipoti kwa makusudi. Raia akiichana, anashtakiwa. Je, akiichana aliyeitoa? Swali hilo ni la zaidi ya karne moja katika Afrika Mashariki, na halikuanza na pasipoti. Lilianza na kipande.

KENGELE YA MBUZI

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915. Vita Kuu ikachelewesha utekelezaji, na ilipofika 1919 na 1920 kazi ikaanza kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukuliwa alama za vidole na kupewa cheti cha kutembea nacho popote aendapo nje ya maeneo waliyotengewa Waafrika.

Cheti chenyewe, yaani kipande, kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara kadhaa ikatiwa ndani ya kikasha cha bati, na kikasha kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukiifungua karatasi unakuta jina, kabila, alama za vidole, kisha safu za mwajiri: siku ya kuanza kazi, mshahara, siku ya kuondoka, sahihi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na makali. Mfanyakazi aliyetoroka shamba la mlowezi alikuwa na karatasi isiyo na sahihi ya kumwachia, na mwajiri mwingine hakutakiwa kumpokea. Kutoroka kazi kulikuwa jinai, na alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zilitosha kumsaka aliyejaribu kubadili jina.

Wakikuyu walikiita kikasha kile mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi ili mchungaji asimpoteze. Jina hilo lilieleza yote: mtu mzima, baba wa watoto, amevishwa kengele.

Askari akimsimamisha mtu njiani, neno la kwanza lilikuwa kipande. Asiyekuwa nacho alikwenda kizuizini au alitozwa faini. Aliyekipoteza alikuwa na kesi ya kujibu, na kingine alilipia mwenyewe. Kwa upande wa pili wa uzio mambo yalikuwa tofauti. Mlowezi aliyekasirika aliweza kumwandikia kibarua maneno mabaya yatakayomfuata shamba hadi shamba, na wapo waliokichana kipande chenyewe wakamwacha mtu hana pa kuomba kazi. Karatasi ile ile ilikuwa takatifu ikiwa mkononi mwa aliyeibeba, na karatasi tu ikifika mkononi mwa bwana wake.

Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, neno hilo hilo lilikuwa na kazi nyingine. Kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, kila siku iliyotimizwa ikitiwa alama, na ujira ukilipwa kadi inapojaa. Kadi hiyo ilibana pia, lakini ilihesabu kazi. Kipande cha Kenya kilimhesabu mtu.

Mwaka 1921 karani wa Nairobi aitwaye Harry Thuku alianza kukusanya umati kupinga kodi, kazi ya shuruti na kipande. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye watu walijaa nje ya kituo cha polisi alikofungwa, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatangulia wanawake kuwasuta wanaume waliosita. Polisi wakafyatua risasi. Takwimu ya serikali ilisema watu 21 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Wanawake hawakuwa wakibeba kipande, lakini waume na wana wao walikibeba. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na kipande kikaendelea kuning'inia kwa robo karne nyingine.

Kilipokuja kuondolewa, kisa chake kilikuwa karibu kichekesho. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 1947 ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa alama za vidole. Walowezi wakawaka. Kupakwa wino vidoleni, walisema, ni mambo ya wahalifu. Jambo lililokuwa la kawaida kwa Mwafrika kwa zaidi ya miaka 25 likawa fedheha siku lilipomgusa Mzungu. Serikali iliunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 tume hiyo ikatafuta njia ya kupitia pembeni: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kuleta picha mbili asichukuliwe alama za vidole.

SUFURIA LA JOHANNESBURG

Ikiwa Kenya kipande kilichanwa na wakubwa, Afrika Kusini hati kama hizo zilichomwa na wenyewe waliozibeba, tena hadharani.

Agosti 16, 1908, umati wa Wahindi ulikusanyika kwenye uwanja wa Msikiti wa Hamidia jijini Johannesburg. Serikali ya Transvaal ilikuwa imewalazimisha Waasia kujisajili kwa alama za vidole. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili kijana, alikuwa ameafikiana na serikali kwamba watu wajisajili kwa hiari na sheria ifutwe. Waliposajiliwa, sheria ikabaki. Likaletwa sufuria kubwa la miguu mitatu, vyeti zaidi ya 2,000 vikatiwa ndani, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa moto. Kisheria, kila karatasi iliyoungua pale ilikuwa kosa. Kisiasa, ilikuwa kauli kwamba karatasi iliyotolewa kwa hila haina heshima ya kulindwa.

Makaburu walipotwaa madaraka nao walikuwa na ufundi wao wa maneno. Mwaka 1952 bunge lao lilipitisha sheria ambayo jina lake lilitangaza kufuta pasi. Ndani yake ilikusanya hati zote alizobeba Mwafrika ikazifanya kitabu kimoja, tena ikafungua mlango wa wanawake nao kukibeba. Agosti 9, 1956, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi majengo ya serikali Pretoria kukikataa. Machi 21, 1960, polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu waliojitokeza bila pasi zao ili wakamatwe, 69 wakafa. Siku tano baadaye, rais wa chama cha ANC, Chifu Albert Luthuli, alichoma pasi yake mbele ya watu. Nelson Mandela naye akachoma yake, na picha yake akiwa ameishika ikiungua bado inatazamwa duniani kote.

Luthuli alishtakiwa na kutiwa hatiani kwa kuichoma hati ile. Mwaka uliofuata akaalikwa Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Mtu aliyechoma pasi ya kumzuia kutembea nchini mwake akalazimika kuiomba serikali ile ile pasipoti ya kutoka nje. Akapewa, lakini ya siku chache tu na yenye masharti. Tuzo ilikuwa yake. Kitabu cha kuifuatia kilikuwa cha serikali.

KITABU CHA KURASA 32

Hapo ndipo pasipoti na kipande vinapokutana. Pasipoti tunayoijua leo ni mtoto wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo watu wengi Ulaya walivuka mipaka bila hati. Vita ikaleta hofu ya majasusi na watoro, Uingereza ikaanza kutaka picha kwenye pasipoti, na Oktoba 1920 mkutano wa Shirika la Mataifa uliofanyika Paris ukapendekeza kitabu cha mtindo mmoja chenye kurasa 32. Wengi walidhani utaratibu huo ungeondolewa amani ikitulia. Zaidi ya karne imepita, na kitabu bado kipo.

Soma maelezo yaliyochapwa ndani ya pasipoti, yale ambayo wengi huyaruka. Kenya, Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi zinasema jambo moja: pasipoti ni mali ya serikali. Umeilipia ada, umeipangia foleni, picha ni yako na jina ni lako, lakini kitabu umeazimwa. Ndiyo maana kukiharibu ni kosa, kama ambavyo ni kosa kuharibu mali nyingine ya umma.

Uharibifu wenyewe unapimwa kwa jicho la mashine. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, 44 kila mmoja, ambayo husomwa kwa sekunde moja mpakani. Maji yakiifuta, doa la mafuta likiifunika au ukurasa ukijikunja, mashine haioni kitu. Namba ya pasipoti nayo katika vitabu vingi imetobolewa kwa vitundu vidogo vinavyopenya ukurasa baada ya ukurasa, hivyo ukurasa ulionyofolewa ili kuficha muhuri wa nchi fulani hujulikana mara moja. Pasipoti za kielektroniki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa 2017 na Tanzania kuzindua Januari 31, 2018, zimeongeza kifaa kidogo cha kuhifadhi taarifa. Iliyofuliwa pamoja na suruali inaweza kuonekana nzima kwa nje na ikawa imekufa ndani.

Kwa hiyo anayekuwa mkali wa kwanza huwa si afisa wa uhamiaji bali mhudumu wa shirika la ndege. Abiria akikataliwa aendako, shirika ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na mara nyingi hupigwa faini juu yake.

MBONA HAITOSHI KUJITAMBULISHA?

Jambo la ajabu ni kwamba hati inayokufungulia milango ya Ulaya inaweza isikusajilie laini ya simu nyumbani. Tanzania haikuwa na kitambulisho cha taifa mkononi mwa raia hadi Februari 2013, Rais Jakaya Kikwete alipokizindua, ingawa sheria yake ilikuwapo tangu 1986. Kabla ya hapo, kwenye dirisha la benki, mtu alitoa kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, barua ya serikali ya mtaa, au pasipoti kwa wachache waliokuwa nayo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 1, 2019, raia alitakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Pasipoti ikabaki hati ya kumtambulisha mgeni.

Kwingineko kitambulisho kimepanda cheo. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha Kenya ni mjukuu wa kipande, na wanawake waliingizwa katika usajili huo mwaka 1978 tu. Kadi iliyotokana na mbugi sasa inamvusha mtu mipaka ya Busia na Malaba.

Kilichobadilika zaidi, hata hivyo, ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 12 inasema pasipoti na vitambulisho ni haki ya kila raia, na kwamba haviwezi kunyimwa, kusimamishwa wala kutwaliwa ila kwa sheria inayokidhi masharti ya katiba. Kitabu kimebaki mali ya serikali, lakini kuwa nacho kumekuwa haki ya raia.

Desemba 2018, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki za Miguna zilivunjwa: ni Mkenya wa kuzaliwa, na uraia wa Kanada haukuufuta ule wa kwanza. Akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Ilimchukua Miguna karibu miaka minne zaidi kukanyaga ardhi ya Kenya, Oktoba 20, 2022, Siku ya Mashujaa, akiwa na pasipoti isiyo na matundu.

Zile milioni 7, serikali haina mfuko mwingine wa kuzilipia isipokuwa kodi. Mfanyakazi wa mwaka 1920 alilipia kipande kingine kwa fedha yake. Bei ya matundu yale nayo imewaangukia waliobeba pasipoti, si walioshika chombo cha kutobolea.