Mafundi wa Eastlands na Moshi wa Pikapu
Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotoa idhini ya matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, pikapu kuukuu zilizovikwa bodi za mbao na mabati zilizidi kumiminika katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, toka Shauri Moyo hata Jericho, na pamoja nazo ikastawi kazi ya mafundi wa jua kali, ambao, bila ya ala za kupimia, waliusaka moshi uingiao chumba cha dereva kwa pua, sikio na mkono. Kwa rai yangu hiyo ni elimu kamili: injini ingali baridi huwashwa, mdomo wa ekzosi huzibwa kwa kitambaa nukta chache, na maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio, yatokapo mapovu ndipo penye ufa, harufu ya oili iliyoungua hushuhudia gasketi ya kifuniko cha vali inayodondokea bomba la moto, kisha hukaguliwa matundu ya sakafu, ambayo mipira yake imechakaa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua; basi, ewe dereva, kichwa kikikuuma safarini, simama, fungua milango, umwite fundi.