Jemadari Radetzky na Mji wa Milan

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Msomaji, yapime maneno hayo kwa maisha ya Joseph Radetzky, askari farasi wa Austria. Kisha ujiulize jambo ambalo methali hiyo hailisemi: je, hizo mbivu zilikuwa za nani?

Radetzky alizaliwa mwaka 1766 huko Bohemia, nchi iliyomo leo katika Jamhuri ya Cheki, nayo siku zile ilitawaliwa na Makaizari wa Vienna. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na babu yake. Mwaka 1784 aliingia katika kikosi cha wapanda farasi. Alipigana na Waturuki, kisha na Wafaransa. Na huko Marengo, mwaka 1800, alijeruhiwa. Mwaka 1813 alikuwa miongoni mwa waliotunga shauri la kumshinda Napoleon, nalo ni hili: ajapo Napoleon mwenyewe, mrudi nyuma, wajapo majemadari wake, muwapige. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Napoleon alishindwa vibaya mjini Leipzig.

Amani ilipokuja, Radetzky alisahauliwa. Mwaka 1829, akiwa na miaka zaidi ya 60, alipewa ngome ya Olmütz ailinde, na wengi walidhani kazi yake imekwisha. Lakini mwaka 1831 alikabidhiwa jeshi la Austria lililokuwa Italia.

Sharti ujue kwamba tangu mwaka 1815 miji ya Milan na Venice ilikuwa chini ya Austria, na wenyeji hawakuridhika. Mwezi wa Januari 1848 watu wa Milan waliacha kuvuta tumbaku, ili Kaizari akose kodi yake. Tarehe 18 Machi waliziba njia kwa magari na samani za nyumbani, kengele za makanisa zikilia, wakapigana na askari siku tano. Radetzky, mzee wa miaka 81, alitoka mjini usiku. Mfalme Carlo Alberto wa Sardinia naye akaja kuwasaidia waasi.

Hapo ndipo shauri la 1813 lilipomfaa. Hakuona haya kurudi nyuma. Alijikusanya kati ya ngome nne, Verona, Mantua, Peschiera na Legnago, akangoja askari wapya. Mawaziri wa Vienna walitaka mapatano. Yeye aliwasihi wasubiri. Mwezi wa Julai alimshinda mfalme huko Custoza, na tarehe 23 Machi 1849 akamshinda tena huko Novara, hata Carlo Alberto akajiuzulu ufalme.

Basi, alikula mbivu? Aliitawala nchi ile hadi mwaka 1857, lakini kwa mkono mzito. Matajiri walioshiriki uasi walitozwa fedha nyingi, na mwaka 1852 na 1853 wazalendo walinyongwa huko Belfiore, nje ya Mantua. Radetzky alifariki mjini Milan mwezi wa Januari 1858, akiwa na miaka 91, baada ya kuwatumikia Makaizari watano. Hata miaka miwili haikutimia kabla ya Austria kushindwa vitani, mwaka 1859, na kuipoteza Milan. Miaka 70 ya utumishi haikuweza kuwafanya watu wapende kutawaliwa na wageni.

Mpaka leo kila Mwaka Mpya watu wa Vienna hupiga makofi muziki uliotungwa na Johann Strauss mwaka 1848 kwa heshima yake. Katika Milan kuna uwanja uitwao kwa jina la zile siku tano walizopigana naye. Ewe msomaji, usomapo habari za shujaa yeyote, usiulize tu kama alikuwa hodari. Uliza pia kile alichokilinda kilikuwa haki ya nani, na usikilize miji yote miwili kabla ya kutoa hukumu.