Kuelewa Kabla ya Kukubali au Kukataa: Nadharia ya Mageuko na Imani ya Dini Katika Kaunti ya Kajiado

Utangulizi

Chini ya mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa shule ya upili aliyeishi Embulbul, kitongoji kilicho kando ya mji wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado, alilikuta swali la asili ya binadamu katika masomo matatu. Katika historia ya kidato cha kwanza alielezwa kwamba kuna maelezo ya aina tatu, yaani ya uumbaji, ya visasili vya jamii na ya mageuko. Katika elimu ya dini ya Kikristo alisoma sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo pamoja na masimulizi ya Kiafrika kuhusu uumbaji. Na katika biolojia alingoja hadi kidato cha nne ndipo ayasome mageuko ya viumbe pamoja na ushahidi wake. Kazi ya kuyaunganisha mafunzo hayo matatu iliachiwa mwanafunzi mwenyewe, na kwa kuwa historia ilikuwa imekwisha kuyapanga maelezo hayo safu moja, kana kwamba yanajibu swali moja kwa njia moja, ilikuwa rahisi aamini kwamba analazimika kuchagua moja na kuyatupa mengine.

Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya mgogoro kati ya nadharia ya mageuko na imani ya dini hutokana na nadharia hiyo kukubaliwa au kukataliwa kabla haijaeleweka, na kwamba mazingira ya Kajiado yenyewe, kwa mifugo, maziwa na mawe yake, yanatosha kuieleza. Hayadai kwamba tofauti zote hutoweka mtu akishaelewa, bali kwamba zinazobaki baada ya hapo ndizo zinazostahili mjadala.

Maneno mawili yanayopotosha

Kikwazo cha kwanza kimo katika lugha. Katika mazungumzo ya kila siku neno "nadharia" husimama mkabala na neno "vitendo", hata fundi aliyehitimu darasani lakini hawezi kufungua injini akasemwa kuwa ana nadharia tu. Msikilizaji aliyezoea matumizi hayo, anaposikia "nadharia ya mageuko", huelewa kuwa ni maneno yasiyo na kitu nyuma yake. Katika sayansi maana ni nyingine kabisa: wazo linalosubiri kupimwa huitwa nadharia tete, ilhali nadharia ni mfumo wa maelezo uliokwisha kupimwa mara nyingi, unaounganisha ushahidi wa aina mbalimbali na unaoweza kusahihishwa ushahidi mpya unapopatikana.

Neno la pili ni kitenzi "kugeuka". Katika ngano, mtu hugeuka chui usiku na asubuhi akarudi kuwa mtu, kwa hiyo anayesikia kwamba viumbe hugeuka humwona akilini nyani mmoja akisimama na kuwa mwanadamu, kisha huuliza, kwa haki, kwa nini nyani wangalipo. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba binadamu na sokwe wana wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, kama vile mabinamu wawili walivyo na babu mmoja, na kuwapo kwa binamu mmoja hakuwezi kuwa hoja ya kukana ukoo wa mwingine. Kinachobadilika si kiumbe mmoja katika maisha yake, bali ni jamii ya viumbe, kizazi baada ya kizazi.

Njia ya mabadiliko hayo, ambayo Charles Darwin aliieleza mwaka 1859 na ambayo kwa Kiswahili huitwa uteuzi asilia, inasimama juu ya mambo matatu: viumbe wa jamii moja hutofautiana, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na wale ambao tofauti zao zinafaa zaidi katika mazingira yao huacha watoto wengi zaidi, hivyo sifa zao huenea.

Ushahidi ulio karibu

Mfugaji wa Kajiado anayajua mambo hayo matatu hata kama hajawahi kusikia jina la Darwin, maana humchagua dume wa kupanda kwa kuangalia ukoo wake. Kondoo wekundu wa Kimaasai wanajulikana na watafiti wa mifugo kwa uwezo wao wa kuhimili minyoo ya tumbo inayowadhoofisha kondoo wa aina ya Dorper, walioletwa kutoka Afrika Kusini kwa sababu ya ukubwa wa miili yao. Uwezo huo haukutokana na dawa. Kwa vizazi vingi kondoo walioshindwa na minyoo walikufa au walizaa kidogo, waliohimili wakazaa, na urithi wao ukabaki katika zizi.

Mfano wa pili umo katika mwili wa mfugaji mwenyewe. Kwa kawaida mtoto anapoachishwa kunyonya, mwili wake hupunguza kimeng'enya cha laktasi, yaani kemikali inayovunjavunja sukari ya maziwa, na ndiyo sababu watu wazima wengi duniani huumwa tumbo wakinywa maziwa mabichi. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha ushahidi kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki yameenea mabadiliko ya jeni yanayokifanya kimeng'enya hicho kiendelee kufanya kazi ukubwani, nayo ni tofauti na yale yaliyoenea Ulaya. Mabadiliko hayo yalikadiriwa kuwa yameenea katika muda wa miaka 7,000 hivi iliyopita, sambamba na kuenea kwa ufugaji. Kibuyu cha maziwa katika boma la Kimaasai, kwa hiyo, ni sehemu ya historia ya mageuko ambayo si ya wakati mrefu.

Wakati mrefu wenyewe unaonekana Olorgesailie, katika kaunti hiyohiyo, kando ya barabara ya kwenda Magadi. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana za mawe huko mwaka 1919, na kuanzia miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey walichimba na kufichua mashoka ya mkono kwa wingi, ambayo mengine yameachwa palepale yalipopatikana ili wageni wayaone. Mwaka 2003 palipatikana sehemu za fuvu la mtu wa kale aliyeishi takriban miaka 900,000 iliyopita, na mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba miaka 320,000 hivi iliyopita wakazi wa eneo hilo walitumia rangi za madini, na zana ndogo za mawe ya volkano yaliyoletwa kutoka mbali.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa

Mwaka 2006, Jumba la Makumbusho la Nairobi lilipokuwa limefungwa kwa ukarabati, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga mpango wa kuipa nafasi kuu mifupa ya mtu wa kale aitwaye Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, kama ushahidi wa asili ya binadamu. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008, mifupa hiyo ilioneshwa.

Ni kosa kuliona pingamizi hilo kuwa ujinga mtupu. Nyuma yake kulikuwa na hofu nzito, kwamba mtu akifundishwa kuwa ana ukoo mmoja na wanyama atapoteza sababu ya kuheshimu uhai wa mwenzake. Katika Kiswahili hofu hiyo ina mzizi wa pekee, kwa kuwa neno lenyewe "binadamu" maana yake ni mwana wa Adamu, na anayelitamka huwa amekwisha kutaja nasaba. Jibu la hofu hiyo, hata hivyo, si kuificha mifupa. Heshima ya mtu katika Ukristo na Uislamu haijengwi juu ya malighafi aliyotengenezwa nayo, maana Biblia na Kurani zote zinasema kwamba malighafi hiyo ni udongo, wala hakuna muumini anayeona kwamba udongo humshusha mtu hadhi. Hujengwa juu ya uhusiano wake na Muumba na wajibu aliokabidhiwa.

Mahali pa imani

Wamaasai wana neno moja, Enkai, linalomtaja Mungu na pia mvua. Mfugaji anayejua kwamba mvua hutoka katika mawingu, na kwamba mawingu hutokana na mvuke, haachi kushukuru mvua inaponyesha, wala hahesabu mvuke kuwa mpinzani wa Mungu. Kwake, kuijua njia ambayo zawadi imepitia hakumfuti mtoaji. Mantiki hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha Papa Pius XII, katika waraka wake wa mwaka 1950, kuruhusu utafiti kuhusu mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na ndiyo iliyomwezesha Papa Yohane Paulo II kusema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia tete. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu, baadhi huyakubali mabadiliko ya mimea na wanyama huku wakimtenga Adamu kuwa muujiza usio na mfano, wengine huyakataa yote, na wengine huona kwamba aya za uumbaji zinaweza kufasiriwa kwa upana zaidi.

Mfano wa mvua una mpaka wake. Hauelezi iwapo Adamu alikuwa mtu mmoja wa kihistoria, ilhali ushahidi wa jeni unaonesha kwamba wahenga wa watu wa leo walikuwa jamii ya maelfu na hawakuwa jozi moja tu. Hauelezi pia kwa nini Muumba mwema atumie njia ambayo ndani yake kondoo wengi hufa ili wachache wahimili minyoo. Anayeisoma Mwanzo neno kwa neno, na kuihesabu dunia kuwa na umri wa miaka elfu chache, ana mgongano halisi na mawe ya Olorgesailie, na si uaminifu kumwambia kwamba hana. Maswali hayo ni ya teolojia, na teolojia haiwezi kuyashughulikia vizuri ikiwa wenye kuyauliza bado wanabishana kuhusu nyani aliyegeuka mtu.

Hitimisho

Mwalimu hana mamlaka ya kumdai mwanafunzi aamini mageuko, lakini ana haki ya kumdai ayaeleze kwa usahihi kiasi kwamba mtetezi wa nadharia hiyo angekubali kuwa maelezo hayo ni yake. Kwa msingi huohuo, mwalimu wa biolojia anapaswa kuweza kueleza imani ya uumbaji kwa namna ambayo muumini angeitambua. Inapendekezwa kwamba walimu wa historia, dini na biolojia katika shule za Ngong, Embulbul na Kitengela wawapeleke wanafunzi Olorgesailie kwa safari moja ya pamoja, kila mmoja akieleza mbele ya wenzake ni swali gani somo lake linajibu na ni lipi lisiloweza kulijibu. Mwanafunzi atakayesimama mbele ya mashoka yale akiwasikia walimu wake watatu kwa pamoja atarudi nyumbani akiwa bado na maswali, lakini yatakuwa maswali yake mwenyewe, na neno "binadamu" atalitamka akijua nasaba anayoikiri na historia anayoibeba mwilini.