Dawa za Milima ya Ugiriki

Leo nataka kuwasimulia habari za majani ya dawa yaotayo katika milima ya Ugiriki, nchi ambayo katika Maandiko huitwa Uyunani. Majani yale yale waliyoyachuma watu wa kale siku hizi hulimwa mashambani, nami nitawaeleza sababu yake.

Zamani palikuwa na watu katika nchi ile walioitwa wakata-mizizi. Kazi yao ilikuwa kupanda milimani, kuchimba mizizi na kuchuma majani, kisha kuyauza. Walikuwa na maarifa mengi, lakini waliyachanganya na miiko. Basi Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyefariki yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kikubwa cha mimea, na ndani yake akaipima miiko hiyo. Walisema kwamba mtu achimbaye mmea uitwao heleboro ale kitunguu saumu kwanza, tena asikawie, kwa maana huleta uzito wa kichwa. Neno hili aliliona lina maana. Lakini walisema pia kwamba mmea uitwao peonia uchimbwe usiku, kwani ndege kigong'ota akimwona mchumaji mchana, macho ya mtu yule yatapofuka. Hilo aliliona kuwa upuzi. Hakuwadharau wazee wale, wala hakuyameza yote waliyosema.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo akatokea tabibu Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki. Aliandika kwa Kiyunani vitabu vitano vya dawa, akataja mimea ipatayo 600. Alifundisha kwamba dawa ichumwe wakati wa ukavu, na kwamba mimea ya mahali pa juu, penye upepo na baridi, ina nguvu kuliko ile ya mabondeni penye maji na kivuli. Katika karne ya 9 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Elimu ya Wayunani ikaenea katika nchi za Waarabu, na kwa njia hiyo ikafika hata pwani yetu. Mganga wa pwani asemapo kwamba ugonjwa huu ni wa joto na ule ni wa baridi, anasema neno lililofundishwa na matabibu wa Uyunani.

Sasa tupande mlima Olympus, wenye kimo cha mita 2,917. Huko juu, penye mawe na upepo, huota mmea wenye majani ya kijivu na maua ya manjano, ambao Wagiriki huuita chai ya mlimani. Jina lake la kitaalamu ni Sideritis, litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya chuma, kwa sababu watu wa kale walitibu kwa mimea ya jina hilo majeraha ya silaha za chuma. Siku hizi huchemshwa na kunywewa kwa mafua na kikohozi. Mwaka 2016 idara ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliukubali kuwa dawa ya jadi ya kikohozi cha mafua na ya maumivu madogo ya tumbo, kwa ushahidi wa kutumiwa kwake miaka mingi.

Lakini sifa ilileta hatari. Ukiukata mmea huu kwa mundu na kuacha shina, huchipuka tena. Lakini watu wenye pupa waliung'oa pamoja na mizizi, hata mahali pengine ukawa adimu. Kwa hiyo wakulima walichukua mbegu na miche, wakaipanda katika mashamba ya milimani. Wengine hawatii mbolea ya viwandani wala sumu ya wadudu. Hutumia samadi, na magugu huyapalilia. Tangu mwaka 1991 nchi za Ulaya zina sheria ya kilimo hicho: kwa mimea idumuyo, shamba hutunzwa hivyo miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo, na wakaguzi hulikagua. Maua yakichanua wakati wa joto, mkulima hukata, hufunga vitita, akavitundika kivulini penye hewa. Tazameni: shamba liko juu, na dawa hukaushwa vema, kama alivyoagiza Dioscorides.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wayunani waliuliza wachumaji, wakapima, wakaandika. Na wajukuu wao wamepanda. Je, sisi? Kila mzee ajuaye miti ya dawa akifa kabla ya kuulizwa, tumezika kitabu kisichosomwa. Na kila mti ung'olewao bila kupandwa mwingine, hata aliyeandika habari zake atabaki na jina tupu. Basi ulizeni, pimeni, andikeni, pandeni.