Nyumba ya Kukumbuka

Neno makumbusho limetokana na kukumbuka, na taifa lisilokumbuka ni kama msafiri aliyesahau atokako: hawezi kujua kama anakwenda mbele au anarudi nyuma. Kwa hiyo apandaye kilima kuiendea Makumbusho ya Taifa, Nairobi, asidhani kuwa anakwenda kutazama vitu vya kale tu. Anakwenda kutazama urithi aliosaliwa nao.

Kazi ya makumbusho hiyo ilianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe. Jumba la kilimani lilifunguliwa mwaka 1930, likapewa jina la Coryndon, aliyekuwa Gavana wa Kenya. Nchi ilipopata uhuru, jina hilo liliondolewa, likawekwa la Taifa. Kubadili jina ni kazi nyepesi. Iliyo nzito ni kujibu swali lifuatalo: mali ikishakuwa yetu, nani ataitunza?

Jibu moja limesimama uani. Ni sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe, na walinzi wakamwandama usiku na mchana. Ahmed alikufa mwaka 1974 kwa uzee wake, si kwa risasi ya mwindaji.

Simba wawili wa Tsavo hawakupata makao kama hayo. Mwaka 1898 waliwaua wajenzi wa reli, nao wakauawa na J. H. Patterson. Ngozi zao alizifanya mazulia, kisha akaziuza kwa makumbusho ya Chicago, Marekani, ziliko mpaka leo. Mtoto wa Kenya atakaye kuwaona simba wa nchi yake hana budi kuvuka bahari.

Lakini kilichokwenda huweza kurudi kikipata wa kukidai. Vigango ni nguzo ambazo Wamijikenda huwachongea wazee wao waliokufa. Vingi viliibwa, vikauzwa ng'ambo. Hata hivyo, mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani.

Tena kuna hazina ambayo haikuibwa wala kuuzwa, ila ilikuwa haijaonekana. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake ikifanana na ya mawe yaliyokizunguka. Wengine wangalikipita. Kipande hicho kiliwafikisha wachimbaji kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Basi, kijana msomaji, uingiapo jumbani humo, usiwahesabu ndege waliokaushwa, vibuyu na picha za rangi, kisha ukatoka. Jiulize ni kitu gani kijijini kwako kinachopotea leo kwa kukosa jicho la kukiona na mkono wa kukihifadhi. Mtunza urithi wa kwanza hakai Nairobi. Hukaa nyumbani kwao.